Kuuza na Kuuzisha: Kitenzi Kimoja cha Mtaani Kamina

Katika daftari ninalokusanyia mifano ya utafiti wangu, sentensi ya kwanza haikutoka kwa mhojiwa yeyote. Ni ya mama yangu:

(1) Enda uuze chumvi ku butiki.

Niliisikia karibu kila jioni ya utoto wangu Kamina. Mara chumvi, mara sabuni, mara kiberiti. Hatukuwa na duka wala chumvi ya kumpa mtu kwa bei. Mama alitaka nichukue pesa iliyofungwa kwenye pindo la kitenge chake, nivuke barabara, nirudi na chumvi. Msomaji aliyekulia Dodoma au Mombasa atakuwa amenituma kinyume: nibebe chumvi, nirudi na pesa. Kwetu kuuza ni kutoa pesa na kupokea bidhaa. Anayefanya kinyume chake anauzisha.

Mtaa wetu haukuwa mbali na reli, na Kamina ni njia panda ya reli: upande mmoja Lubumbashi, upande mwingine Kananga na Ilebo, upande wa tatu Kabalo hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Treni ilipokwama, abiria walishuka, wakapika kando ya njia, na mtaa ukageuka soko. Butiki yenyewe ilikuwa kidirisha tu katika ukuta wa nyumba. Mafuta yalipimwa kwa kichupa, sukari ilifungwa katika vifuko vidogo kama kidole, sigara zilitoka moja moja. Kuuza kidogo kidogo hivyo tuliita kadogo. Unga wa mahindi ulipimwa kwa meka, na mama aliyeijua biashara aliongeza konzi moja juu, matabishi, ili kesho usimpite. Makala yalitoka vijijini kwa kinga, magunia yamefungwa nyuma, mwenye kinga akiisukuma kwa miguu. Mwenye haraka na pesa alipanda moto.

Makala ni mkaa, kinga ni baiskeli, moto ni pikipiki. Kwa Kiswahili Sanifu maneno hayo matatu yana maana nyingine (makala ndiyo haya unayoyasoma), lakini sijamwona mtu aliyepotezwa nayo. Ukiambiwa kwamba mjomba amekuja na moto kutoka stesheni, hukimbilii maji. Muktadha hurekebisha upesi, kwa sababu pikipiki na miali ya moto havikai mahali pamoja katika sentensi. Kuuza ni jambo jingine. Mnunuzi na muuzaji husimama kwenye kidirisha kilekile, kwa bidhaa ileile, kwa bei ileile. Maana zote mbili zinaingia sawasawa, na hakuna kinachokushtua kwamba umeelewa vibaya.

Nilikuwa na miaka kama tisa siku mfanyabiashara mmoja kutoka Kigoma, aliyekuwa akingoja treni, aliposimama uani kwetu na kuuliza:

(2) Mama, mnauza mkaa?

Mama alikuwa na gunia zima nyuma ya nyumba, na alilitafutia mtu tangu asubuhi kwa sababu ada yangu ya shule ilikuwa imechelewa. Alichosikia ni kwamba mgeni anauliza kama tunanunua. Akajibu kwa adabu: “Hapana, baba, tuko nayo.” Mgeni naye alisikia kwamba mkaa upo, ila si wa kutoa. Akashukuru, akaenda nyumba ya tatu, kwa mama mmoja aliyewahi kuishi Kalemie na kuzoea wageni wa ng'ambo ya ziwa. Jioni jirani huyo alikuja kutusimulia, akicheka mpaka machozi. Mama hakucheka. Wiki ile nilitolewa darasani pamoja na wenzangu ambao hawajalipa.

Ninachopenda katika mfano (2), nikiutazama sasa kama mwanafunzi wa isimu, ni kwamba hakuna aliyekosea. Kila mmoja aliielewa sentensi kikamilifu kwa sarufi yake, ndiyo maana hakuna aliyeuliza mara ya pili.

Kununua tulilijua, lakini kwa masikio tu. Lilikuwa neno la kanisani. Wanadamu walinunuliwa kwa damu. Sabuni iliuzwa ku butiki. Tatizo lilikuja kwa Yuda. Tulisomewa kwamba alimuuza Bwana wake kwa vipande thelathini vya fedha, nami kwa miaka mingi niliamini kwamba Yuda alimnunua Yesu, kisha akapewa pesa juu yake. Niliona huo ndio uovu wenyewe: mtu kuchukua bidhaa na pesa pia.

Maelezo ya haraka ninayoyasikia ni kwamba watu wa Katanga “wamegeuza” kitenzi. Tuangalie historia yake. Katika lugha nyingi za Kibantu mzizi wa tendo la mnunuzi ni -gul- au -gur-: Waganda husema okugula, Wanyarwanda kugura, Wagiriama kugula. Kigiriama kina pia kuguza, tendo la muuzaji, na hapo siri inafunguka. Z hiyo ni alama ya kale ya usababishi, ileile tunayoiona katika lala na laza, au jaa na jaza, ambapo l ya asili imeshadondoka katika jaa. Kwa hiyo uza ya Sanifu kwa asili ni “kumfanya mtu anunue”. Kitenzi mama kimepotea katika Sanifu, nafasi yake ikachukuliwa na nunua, na uza ikabaki yatima bila mtu kukumbuka kwamba ina kiambishi ndani yake.

Sasa mpe kitenzi hicho yatima mtu ambaye lugha yake hujenga jozi hii kwa uwazi. Mbemba anaponunua husema ukushita, akiuza, ukushitisha. Mnyarwanda anayo kugura na kugurisha. Sanifu yenyewe hufanya hivyo kila siku katika biashara: kukopa na kukopesha, kupanga nyumba na kupangisha, kukodi na kukodisha. Anayeijua kanuni hiyo atatarajia shina fupi liwe la mpokeaji na shina refu liwe la mtoaji. Uza, uzisha. Kwa maoni yangu Kiswahili cha Katanga kimejenga upya, kwa -isha, jozi ambayo mababu walishaijenga kwa z.

Mahali pa kufanyia kazi hiyo palikuwepo. Reli kutoka Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ilifika Bukama mwaka 1918, ikapita Kamina na kufika Port-Francqui, yaani Ilebo, mwaka 1928. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha 1986 kuhusu lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili kilivyofanywa lugha ya kazi katika Katanga ya migodi, mikononi mwa watu wengi ambao hawakukizaliwa nacho. Watu hao walihitaji neno la kwenda sokoni kabla ya kuhitaji mwalimu wa sarufi.

Tena si neno moja lililohama. Minyambuliko yote imehama pamoja nalo:

(3) Baba, uniuzie mukate.

Mtoto wa Kamina humwambia hivyo baba yake anayetoka kwenda mjini: aninunulie mkate. Dar es Salaam maneno hayo huambiwa mwenye duka. Mukate uliouzwa, kwetu, ni mkate ambao umeshafika nyumbani. Kosa la bahati haliwezi kuwa na nidhamu ya namna hii.

Ninasisitiza hili kwa sababu nimelipia. Katika insha yangu ya kwanza ya Kiswahili chuoni niliandika kwamba mama alinituma dukani kuuza mafuta. Mwalimu alikizungushia kitenzi wino mwekundu na kuandika pembeni: “Duka la nani?” Alama zikaenda. Sidai kwamba insha ya Sanifu iruhusu kuuza ya Kamina. Aliyeingia katika mtihani wa Sanifu aandike kununua. Ninachodai ni kwamba mwanafunzi aambiwe ana mifumo miwili, na kwamba kamusi ziiandike maana hii na mahali inapotumika, maana anayefika Kamina na kamusi ya sasa mfukoni atajibiwa kama alivyojibiwa yule wa Kigoma.

Karatasi ile ninayo bado. Chini ya swali la mwalimu niliandika jibu kwa penseli siku hiyohiyo: la jirani.