Fumbo na Mwenye Kufumbiwa



Usiku wa giza, mwezi usipoonekana, wavuvi wa Kigoma na Ujiji huingia ziwani na taa zao ili kuwavuta dagaa. Mtu wa Katubuka akishuka ufukoni na kuziona taa zile, huenda akasema: "Ziwa limewasha nyota." Hakuna mtoto atakayeuliza ni nani aliyelipa ziwa kiberiti, amekwisha fahamu. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa darasani maana ya tamathali za usemi, hunyamaza, kwa kuwa amedhani zinakaa vitabuni tu.

Na tumsaidie. Tukisema, "Mtumbwi ulikwenda kama mshale," tumelinganisha kwa neno "kama". Hiyo ni tashibiha. Tukisema, "Maneno ya mwongo ni taa ya mvuvi," tumeliacha neno hilo. Hiyo ni sitiari. Tukisema, "Ziwa limekasirika," tumelipa ziwa moyo wa binadamu. Hiyo ni tashihisi. Wala haitoshi kutaja jina la tamathali. Sharti tuulize: vitu hivi viwili vinafanana kwa lipi? Taa ya mvuvi hupendeza, huita, na chini yake uko wavu. Hapo ndipo maana ilipo.

Wahusika nao hutambulikana kwa majina, kwa maneno na kwa matendo yao. Marehemu Shaaban Robert, katika kitabu chake Kusadikika cha mwaka 1951, alimwita mshtaki Majivuno na mshtakiwa Karama. Jina hutudokezea, lakini msomaji mwema hahukumu kwa jina tu. Humngoja Karama asimame barazani na kujitetea kwa hoja, ndipo akubali kwamba jina lile amelistahili.

Wahenga walisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua. Lakini mfalme Daudi hakuwa mjinga. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 12, nabii Natani alimsimulia habari za tajiri mwenye mifugo tele, aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi alimtambua mara moja tajiri yule kuwa mtu mwovu. Akawaka hasira, akasema kwamba amestahili kufa. Mhusika alimfahamu vyema. Asiyemfahamu ni nafsi yake, mpaka nabii alipomwambia kwamba tajiri huyo ni yeye, aliyemtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe. Ndipo akatubu.

Nasi mara nyingi tu kama Daudi. Twasikia kanisani mfano wa Farisayo na mtoza ushuru, na papo hapo twamkumbuka jirani.

Basi, enyi wazazi, jioni mtoto asomapo hadithi, mwulizeni mambo matatu. Kipi kimefananishwa na kipi? Mhusika huyu umemjuaje? Na la tatu, ambalo mzazi na atangulie kulijibu: mimi mwenyewe nimo wapi katika hadithi hii?