Kibla na Ramani ya Mabaharia

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu yangu Mwislamu, kuelekea Kibla ni sharti ya Sala. Lakini wako watu ambao, wafikapo nchi ya ugenini, hutwaa ramani ya dunia itundikwayo ukutani, wakaweka rula kutoka mji walipo hata Makka, wakasema: "Hii ndiyo Kibla." Somo hili ni la kubainisha lini rula hiyo husema kweli na lini hukosa.

Jua ya kwamba ardhi ni tufe, na tufe halitandiki juu ya karatasi ila livutwe. Gerard Mercator alitengeneza ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia. Mistari ya kaskazini na kusini, ambayo katika tufe hukutana kwenye ncha za dunia, yeye aliisimamisha sambamba kama nguzo. Kwa hiyo kila duara la mashariki na magharibi limenyoshwa hata likawa sawa na istiwai. Duara la digrii 60 kwa hakika ni nusu ya istiwai. Katika ramani limezidishwa mara 2. Na lau ramani ingalivutwa upande huo tu, pembe zote zingaliharibika. Ndipo ikalazimu kuivuta na upande wa kaskazini na kusini, kwa kadiri ile ile, mahali kwa mahali.

Kadiri hiyo ni 1 kugawanywa kwa kosaini ya digrii za mahali. Edward Wright, Mwingereza, alizijumlisha kadiri hizo kidogo kidogo, akapiga chapa jadwali yake mwaka 1599. Na mwaka 1668 James Gregory alithibitisha ya kwamba jumla hiyo ni logi ya tanjenti ya digrii 45 pamoja na nusu ya digrii za mahali. Hivyo dakika 3600 za tufe, toka istiwai hata digrii 60, huwa 4527 katika ramani. Kwenye ncha jumla haina mwisho. Ndiyo sababu ncha haiandikiki humo.

Faida yake ni kubwa: pembe iliyo baharini ndiyo iliyo katika ramani. Nahodha akipiga mstari ulionyoka, akashika upande mmoja asiugeuze, atafika. Lakini kufika si kufuata njia fupi. Njia fupi ni ile ya uzi uliokazwa juu ya tufe, na Kibla cha wanavyuoni wa falaki ni upande wa njia hiyo. Al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, alihesabu Kibla cha Ghazna kwa hesabu za tufe, miaka zaidi ya 500 kabla ya Mercator.

Sasa tazama mifano, tukihesabu digrii toka kaskazini ya kweli kwenda mashariki. Aliye New York, rula humwonyesha digrii 101, na uzi humwonyesha 58: tofauti ni digrii 43. Aliye London, rula husema 134, na uzi 119. Ama sisi wa Mombasa, mji wetu na Makka karibu ziko juu ya mstari mmoja wa kaskazini na kusini, na mstari huo umenyoka katika ramani na katika tufe pia. Kibla chetu ni kaskazini, kikipindukia mashariki kwa chini ya nusu digrii. Kwetu rula haidanganyi, na hilo ndilo linalomghuri msafiri wetu: aliona ikisema kweli nyumbani, akaiamini ugenini.

Basi, ewe msafiri, twaa tufe, hata lile la watoto wa chuoni, ukaze uzi toka ulipo hata Makka, utazame unakoanzia. Na hukumu ya aliyekwisha kusali kwa ijtihadi yake, waulizwe wanavyuoni wa fikihi. Sisi tumeeleza hesabu.

Na taufiki ni kwa Mwenyezi Mungu.