Kuhesabu Nyumbu Baada ya PhD

"Umeshamaliza PhD, bado unasoma nini?" Swali hili naulizwa kila nikipita kantini. Ndugu zangu, sisomi tena kwa ajili ya cheti. Utafiti wa baada ya uzamivu ni kazi ya mkataba, mara nyingi wa miaka michache, unapewa swali gumu na unatakiwa kulijibu. Langu ni hili: idadi ya wanyamapori inapandaje na kushukaje? Tuchukue nyumbu wa Serengeti.

Kwanza, kuwahesabu. Hakuna anayehesabu mmoja mmoja. Ndege hupita kwenye mistari iliyopangwa na kupiga picha, kisha watu wanahesabu waliomo pichani. Tuseme picha zimefunika asilimia 10 ya eneo na zina nyumbu 120,000. Makadirio ni 1,200,000. Lakini nyumbu hutembea kwa makundi: mstari mmoja unakuta maelfu, wa pili unakuta nyasi tupu. Kwa hiyo jibu la kweli ni "kati ya idadi hii na ile". Anayekupa namba moja tu, mwombe na kiwango cha shaka.

Pili, modeli. Idadi ya mwakani ni ya mwaka huu, ongeza waliozaliwa, toa waliokufa. Rahisi, eti? Mwaka 1961 nyumbu walikuwa kama 260,000. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa ukiua ndama wao, ukatoweka kwao miaka ya mwanzo ya 1960 baada ya ng'ombe wa jirani kuchanjwa. Kufikia 1977 walikuwa kama milioni 1.3, yaani ongezeko la karibu asilimia 10 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo wangekaribia milioni 5 mwaka 1991.

Hawakufika. Modeli yetu haikuwa na breki. Mwaka 1999 Mtanzania Simon Mduma, pamoja na Sinclair na Hilborn, walichapisha kumbukumbu za miaka 40 zilizoonyesha kwamba breki ni chakula cha kiangazi. Nyumbu wakizidi, nyasi kwa kila mmoja hupungua, vifo huongezeka. Basi mvua ya kiangazi lazima iingie kwenye mlinganyo.

Kwa nini ikuhusu? Chukua kikokotoo. Anza na wanyama 1,000 wanaoongezeka asilimia 10 kila mwaka kwa miaka minne. Mwaka wa tano ukame unapunguza asilimia 30. Wanabaki kama 1,025. Sasa rudia, ila kila mwisho wa mwaka toa 50 kwa ajili ya nyama. Hamsini ni nusu tu ya ongezeko la mwaka wa kwanza, inaonekana salama kabisa. Mwisho wa mwaka wa tano wamebaki kama 812. Aliyepanga kiwango cha uwindaji kwa kuangalia miaka minne mizuri amewamaliza taratibu, na kijiji kinachotegemea nyama hiyo kitakosa vyote.

Wa hisabati, nendeni porini mkaone ndama anavyokufa. Wa wanyamapori, msikimbie takwimu. Na kabla hujafunga ukurasa huu, tafuta: utoe wangapi kila mwaka ili wa tano uishe na 1,000 kamili? Dokezo: hawafiki 6.