Somo la Robo Hii: Moto Ukiwaka Kijijini, Nani Anaanza?



Nyumba inapoteketea kijijini, mara nyingi wazo la kwanza la kamati ni kuomba wafadhili gari la zimamoto. Uchungu huo tunauelewa. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114, lakini vituo vyake viko zaidi mijini, na paa la nyasi halisubiri. Basi fedha ya kwanza iende wapi?

Tuwatazame wenzetu wa Ujerumani, ambako baadhi ya sharika zina marafiki. Nchi ile pamoja na utajiri wake ina zimamoto wa kuajiriwa hasa katika miji mikubwa. Vijijini kazi ni ya wanakijiji wenyewe: seremala, mkulima, mwalimu, mama mwenye duka. Nchi nzima ni kama watu milioni moja. Hawalipwi mshahara. King'ora kikilia mtu anaacha kazi yake, na sheria inamlinda asikatwe ujira.

Mwaka 1846 mji mdogo wa Durlach, karibu na Karlsruhe, ulikuwa na pampu mpya ya mkono iliyotengenezwa na Carl Metz. Msimamizi wa majengo wa mji, Christian Hengst, hakuiacha pampu ile ingoje umati. Aliunda kikosi cha kujitolea, kila mtu akapewa nafasi yake, wakafanya mazoezi. Tarehe 28 Februari 1847 jumba la maigizo la Karlsruhe liliwaka na watu zaidi ya 60 wakafa. Kikosi cha Durlach kilikwenda kusaidia, na moto ukazuiwa usienee kwa majirani. Baada ya hapo miji mingine ikaiga.

Moyo huo kwetu upo. Moto ulipozuka Mlima Kilimanjaro tarehe 11 Oktoba 2020, mamia ya watu wa kujitolea walipanda kuungana na askari wa hifadhi. Kinachopungua vijijini ni maandalizi kabla ya moto.

Kwa maoni yetu, mtaa uanze na watu 20, wanawake kwa wanaume, wanaoshinda kijijini (vijana walioko mjini wasihesabiwe hata kama majina yao yanapendeza kwenye orodha). Kengele ya kanisa ipigwe kwa mlio usiofanana na wa ibada. Tanki la maji ya mvua libakizwe maji hata kiangazi. Hapa ndipo kamati nyingi zitabishana, maana ng'ombe nao wana kiu. Ziwepo ndoo, ngazi, na ndoana ndefu za kuvuta nyasi za paa la jirani kabla halijashika. Wafundishwe kwamba watu hutolewa kwanza, na kwamba mafuta ya taa au petroli yakiwaka hayamwagiwi maji, bali hufunikwa kwa mchanga. Ofisi ya zimamoto ya wilaya au mkoa iombwe mkufunzi.

Kwa wafadhili: gari linahitaji dereva, mafuta, matairi na barabara inayopitika masika. Mafunzo, buti na matanki ni gharama ndogo, tena kamati inaweza kuzitunza.

Maswali ya kujadili: Usiku wa leo nyumba ya mjane aliye mbali zaidi na barabara ikiwaka, nani anafika kwanza, na amebeba nini? Ufunguo wa mnara wa kengele anao nani?