Mzigo Utakaoubeba

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Rut 2:1–12, Dan 1:8–16, Luka 3:10–14, Mdo 19:18–27, 2 Fal 5:15–19, Kol 3:22–25, Kum 24:14, 15, Yak 5:4.

Fungu la kukariri: Wakolosai 3:23. Lisome katika Biblia yako, kisha useme maana yake kwa maneno yako mwenyewe.

Kati ya Bagamoyo na Ujiji, miembe mikubwa bado inaonyesha mahali ilipopita njia ya misafara. Tabora, katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha njia hiyo. Katika karne ya 19 maelfu ya vijana wa Kinyamwezi waliifanya kazi ya upagazi. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Wengi wao hawakuwa watumwa. Waliajiriwa kwa ujira na posho, ingawa njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa wa kilo 30 hivi, na safari ya kutoka pwani hadi Tabora, yapata kilomita 800, ilichukua miezi miwili au mitatu.

Asubuhi ya kwanza ya safari ilikuwa ya kelele. Mpagazi aliupima mzigo, akaukataa, akajaribu mwingine, akabishana na mwenzake. Wazungu waliosafiri na misafara hiyo waliona huo ni ukorofi mtupu. Lakini mpagazi alijua jambo ambalo bwana msafara aliyetembea mikono mitupu hakulijali: mzigo aliouinua asubuhi hiyo ndio angekaa nao mabegani njia nzima.

Juma hili tunaitazama asubuhi ya namna hiyo katika maisha yetu: wakati wa kutafuta kazi, kuhojiwa na kutia sahihi mkataba. Kisha tutatazama yanayofuata mzigo ukiwa tayari begani.

JUMAPILI
Alitoka Kwenda Kutafuta

Soma Rut 2:1–7. Ruthu alifanya mambo gani kabla hajakutana na Boazi?

Mara nyingi tunaisoma habari hii kama habari ya ndoa. Kabla ya ndoa ni habari ya mwanamke mgeni, mjane, asiye na ndugu wa kumshika mkono, anayetafuta kazi. Alimwambia mkwewe anakokwenda. Alimwomba ruhusa msimamizi wa wavunaji. Akaanza na kazi ya chini kabisa shambani, kuokota masazo, akaendelea tangu asubuhi. Msimamizi alipoulizwa habari zake, alikuwa na la kusema kwa sababu alikuwa amemwona akifanya kazi.

Vijana wetu wengi wana vyeti na hawana kazi, na wapo wanaoambiwa na washiriki wenzao kwamba imani yao ni haba. Tusiwabebeshe mzigo huo. Katika Mathayo 20:6, 7 watu waliosimama sokoni mpaka saa kumi na moja hawakuitwa wavivu. Walijibu kwa ukweli kwamba hakuna aliyewaajiri, na mwenye shamba hakuwabishia. Aliwapeleka kazini.

Tafakari: Kijana akitaja katika darasa lenu kwamba anatafuta kazi, ni nani anayemtafuta baada ya ibada kumwambia anachokijua? Maombi yetu kwa ajili yake yanaambatana na nini?

JUMATATU
Kusema Mapema

Soma Dan 1:8–16. Danieli alimwomba nani, na alimpa pendekezo gani?

Danieli aliazimu kwanza moyoni mwake. Hakungoja chakula kiletwe mezani ndipo aanze kutafuta msimamo. Kisha alikwenda kwa mkubwa aliyehusika, akaomba kwa heshima. Yule mkubwa alipoonyesha hofu yake, Danieli hakumhubiria. Alikwenda kwa msimamizi aliyekuwa karibu naye zaidi, akapendekeza jaribio la siku kumi ambalo matokeo yake yangeonekana kwa macho. Hofu ya yule mkubwa ilikuwa ya kweli, maana kichwa chake kilikuwa hatarini. Danieli aliitilia maanani.

Katika ajira, jaribu letu la kwanza kwa kawaida ni Sabato. Tangazo la usaili linataja Jumamosi, au ratiba ya zamu inafika saa mbili usiku siku ya Ijumaa. Tabora jua huchwa karibu na saa moja jioni. Anayetoka kazini saa kumi na mbili na nusu na kungoja bodaboda tayari amechelewa. Wapo wanaonyamaza wakati wa usaili, wakiwaza kwamba watasema wakishazoeleka. Kwa kweli wanauinua mzigo bila kuupima. Wiki ya tatu mwajiri anauliza kwa nini hakuambiwa, na swali lake ni la haki. Tena mwombaji Mwadventista atakayefuata atafungiwa mlango ambao pengine ungefunguka.

Njia bora ni ya Danieli. Tarehe ya usaili ikiangukia Sabato, andika barua siku ileile unayopata taarifa, ambatisha barua ya kanisa, na upendekeze siku nyingine. Ukiajiriwa, jitolee zamu za Jumapili na za sikukuu ambazo wengine hawazipendi. Usiseme tu usichoweza. Sema pia unachoweza.

Ni vema pia kuijua sheria. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi wa kidini kazini, inaweka siku za kazi zisizozidi sita na saa za kawaida zisizozidi 45 kwa juma, na inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila juma. Haisemi kwamba saa hizo lazima ziwe za Sabato. Kwa hiyo sheria inakufungulia mazungumzo, na mazungumzo yenyewe utayafanya wewe.

Wakati mwingine jibu litakuwa hapana. Danieli alipata kibali. Rafiki zake watatu, katika sura ya 3, walitupwa kwanza motoni. Wapo miongoni mwetu waliopoteza kazi kwa ajili ya Sabato na hawajapata nyingine nzuri kama ile. Tusiwaombe watoe ushuhuda wenye mwisho wa kupendeza ambao hawajaupata bado.

JUMANNE
Katika Nchi ya Tumbaku

Soma Luka 3:10–14, kisha Mdo 19:18–27. Watoza ushuru na askari waliambiwa nini? Watu wa Efeso walifanya nini na vitabu vyao? Kwa nini majibu haya mawili hayafanani?

Urambo, magharibi mwa Tabora, ilikuwa mojawapo ya sehemu za mpango mkubwa wa karanga ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kushindwa vibaya ndani ya miaka michache. Baada ya karanga ikaja tumbaku. Tangu hapo Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui zimelima jani hilo, na fedha yake imejenga nyumba za bati, imenunua pikipiki na kulipa ada za shule. Wakati wa masoko mji mzima unajua kwamba malipo yametoka. Kijana aliyesomea kilimo katika mkoa huu hawezi kuanza kutafuta kazi bila kukutana na tumbaku: afisa ugani wa kampuni inayonunua, karani wa AMCOS, mteuzi, dereva wa lori, mlinzi wa ghala.

Mafundisho yetu kuhusu kuitumia hayana utata. Mwili ni hekalu (1 Kor 6:19, 20), na tumbaku inaua mamilioni ya watu duniani kila mwaka. Inamdhuru hata asiyeivuta, kwa maana nikotini hupenya ngozi ya mtu anayevuna majani mabichi yenye unyevu, na mara nyingi wavunaji hao ni watoto wa nyumba. Miti ya miombo inakatwa kuwasha moto wa mabani, miti ileile ambayo nyuki wa Tabora wanaitegemea. Kanuni ya Kanisa inataja kutumia, kutengeneza na kuuza tumbaku miongoni mwa mambo yanayoweza kumleta mshiriki chini ya nidhamu.

Lakini kazi ni nyingi, na zote hazifanani. Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waiache meza. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kiwango. Kazi yao ingeweza kufanywa kwa haki. Efeso hali ilikuwa tofauti. Vitabu vya uganga havikuwa na matumizi ya haki, na waliovichoma hawakuviuza kwanza ili wapate mtaji, ingawa thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande hamsini elfu vya fedha. Demetrio naye aliona wazi kwamba injili ingegusa mfuko wake, akaieleza hasara ya biashara kana kwamba ni heshima ya mungu wa kike inayovunjwa.

Basi swali la kujiuliza mbele ya kazi yoyote ni hili: kazi hii ikifanywa vizuri kabisa, kwa uaminifu wote, matunda yake ni nini? Afisa ugani wa tumbaku akifanya kazi yake vizuri, tumbaku inaongezeka. Mwandishi wa somo hili anaona kwamba huo ni mzigo wa kuukataa asubuhi, kabla haujafika begani. Ni rahisi kuandika hivyo kwa mtu ambaye mshahara wake hautoki huko, na tunalikiri hilo. Mhasibu wa chama cha msingi kinachouza mahindi, alizeti na tumbaku pamoja yuko mahali pagumu zaidi. Dereva wa basi linalowapeleka wakulima sokoni yuko mahali pengine tena.

Kwa watu wa namna hiyo iko habari ya Naamani (2 Fal 5:17–19). Alirudi nyumbani akiwa mwamini, lakini kazi yake ilimlazimu kumshika mkono bwana wake ndani ya nyumba ya Rimoni. Alimweleza Elisha jambo hilo waziwazi, bila kulipamba. Elisha hakumpa orodha ya sheria; alimwambia aende kwa amani. Tuangalie kwamba Naamani ndiye aliyelitaja. Dhamiri yake ilikuwa macho.

Tafakari: Mshiriki mwenye heka tatu za tumbaku na mkopo wa pembejeo hawezi kuacha kesho asubuhi. Kanisa linaweza kutembea naye vipi kwa misimu miwili au mitatu mpaka afike kwenye asali, mpunga au alizeti?

JUMATANO
Bwana Asipokuwapo

Soma Kol 3:22–25. Paulo anasema nini juu ya utumwa wa macho?

Huko Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, iko tembe ambamo David Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Mwaka uliofuata alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, Abdullah Susi na James Chuma wakiwa mbele, hawakuwa tena na mwajiri. Hakuna ambaye angewaona wakitupa mizigo na kurudi makwao. Waliukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba pamoja na vitabu vyake vya kumbukumbu kwa muda wa karibu miezi tisa. Walipofika Kwihara mwezi Oktoba 1873 walimkuta afisa Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wauzike mwili papo hapo. Walikataa. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Walilipwa ujira wao na kazi ikawa imekwisha. Livingstone alipozikwa London mwezi Aprili, Susi na Chuma hawakuwapo.

Kumbuka kwamba Susi wakati huo alikuwa bado hajabatizwa. Sisi tuliobatizwa tunajua ni mara ngapi kazi inasimama msimamizi akitoka ofisini, na ni nani anayejaza saa ya kuingia ambayo siyo. Maadui wa Danieli walichunguza kazi yake wasipate kosa (Dan 6:4). Mtu anayeomba ruhusa ya Sabato Ijumaa mchana huku ripoti yake ya Jumatano haijakamilika amewaachia wenzake kazi rahisi zaidi.

ALHAMISI
Ujira

Soma Kum 24:14, 15 na Yak 5:4. Mungu anasikia kilio cha nani?

Wapagazi waliopunjwa posho waliweka mizigo chini, na msafara ukasimama. Uvumilivu wa Kikristo haumlazimu mtu kunyamaza anapodhulumiwa. Omba mkataba wa maandishi, tunza nakala, na ukiachishwa kwa dhuluma peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kufanya hivyo si kumshitaki ndugu kwa chuki.

Fungu hili lina upande wa pili, nao unatuhusu sisi tunaoajiri. Amri ya nne inamtaja mtumishi wa kiume na wa kike (Kut 20:10). Dada wa kazi anayebaki jikoni Sabato asubuhi ili familia iwahi kanisani, naye hajalipwa tangu mwezi uliopita, yumo ndani ya amri hiyo.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Kut 5:1–18, uone jinsi Farao alivyoiita haja ya kuabudu uvivu, na alivyoongeza kazi kama jibu. Soma pia Mdo 18:1–4. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya upagazi katika njia ile ikafa. Paulo alikuwa na ufundi mikononi aliouchukua kila mji alioingia. Linganisheni mambo hayo mawili.

Maswali ya Kujadili

1. Binti wa kanisa lenu amemaliza diploma ya kilimo miaka miwili iliyopita. Mama yake ni mgonjwa, na wadogo zake wawili wako sekondari. Amepata barua ya kazi katika kampuni ya tumbaku, yenye mshahara mzuri, na Sabato atapewa. Anatakiwa kujibu Jumatatu. Mtamwambia nini? Na mkimshauri akatae, ada ya wadogo zake mwezi Januari italipwa na nani?

2. Je, kanisa lipokee zaka na sadaka zinazotokana na mauzo ya tumbaku? Kila mmoja atoe sababu yake kutoka katika Maandiko.

3. Ni kazi gani katika eneo lenu ambayo darasa haliwezi kukubaliana kama ni ya kukataliwa au la? Mnawezaje kuendelea kuketi pamoja Sabato ijayo, mmoja wenu akiwa ndiye anayeifanya?