Shona Mwenyewe Pazia la Kukunja Lisilo na Kamba

Msimu wa kaskazi unapofika, kati ya Desemba na Machi, nyumba nyingi za Kaunti ya Kilifi huwa na joto kali kuanzia adhuhuri. Jua la alasiri hupiga moja kwa moja madirisha yanayotazama magharibi, na chumba anacholala mtoto mchana hakikaliki. Pazia la kukunja, lile linalofunika dirisha likiwa bapa na kukunjwa juu kama mkeka, hupunguza jua hilo. Mtu anayejua kushona mshono wa kawaida anaweza kulitengeneza nyumbani.

Hata hivyo, kuna jambo la kuzingatia kabla ya kukata kitambaa. Mapazia mengi ya aina hii yanayouzwa madukani huinuliwa kwa kamba au mnyororo unaoning'inia pembeni. Kamba hiyo inaweza kumnasa mtoto mdogo shingoni na kumkata pumzi kwa dakika chache, kimya kimya, mzazi akiwa chumba cha pili. Nchini Marekani, kanuni za usalama zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2018 zinataka mapazia yanayouzwa yakiwa tayari dukani yasiwe na kamba ambayo mtoto anaweza kuifikia. Pazia linaloelezwa hapa halina kamba hata moja.

Kupima

Madirisha mengi ya chuma yana vishikio vinavyotokeza ndani, hivyo pazia hukaa vizuri zaidi likifungwa ukutani juu ya dirisha. Upana na kimo vipimwe mahali patatu kila kimoja, na kipimo kikubwa ndicho kitumike.

Tuseme dirisha lina upana wa sentimita 90 na kimo cha sentimita 120. Huongezwa sentimita 5 kila upande, 10 juu na 10 chini, ili jua lisipenye pembeni. Pazia likiisha litakuwa sentimita 100 kwa 140.

Kitambaa

Kitenge cha pamba kinafaa kwa upande wa ndani, na marikani meupe kwa upande wa dirishani, kwa sababu rangi nyeupe hurudisha mwanga wa jua. Vyote vifuliwe na kupigwa pasi kwanza, kwani pamba hupungua inapofuliwa. Ni vyema kununua mita 1.7 badala ya 1.5. Anayependa kanga akumbuke kwamba ikitundikwa kwa urefu, jina lake litasimama wima.

Kitenge kikatwe sentimita 106 kwa 150, na marikani sentimita 100 kwa 150. Kabla ya kushona, kila kipande kipimwe kutoka pembe hadi pembe, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili visipolingana, pazia litaning'inia upande.

Kushona

1. Marikani yalazwe katikati ya mgongo wa kitenge, yakibakiza sentimita 3 za kitenge kila upande. Ukingo wa kitenge ukunjwe sentimita 1, kisha 2, juu ya marikani, na kushonwa.

2. Chini pakunjwe sentimita 1, kisha 6, na kushonwa ili kupata mfereji. Ufito laini wa sentimita 98 uingizwe humo, na ncha zote mbili zifungwe kwa uzi mtoto asije akauchomoa.

3. Juu pakunjwe sentimita 3 kwa nyuma, na upande laini wa tepe ya Velcro ushonwe juu ya kunjo hilo. Upande wa pili hupigiliwa kwenye mbao ya inchi 2 kwa 1, yenye urefu wa sentimita 100.

4. Mikanda miwili ya kitambaa, kila mmoja upana wa sentimita 4 na urefu wa 30, ishonwe nyuma, chini kidogo ya Velcro, sentimita 20 kutoka kila ukingo. Ncha ya kila mkanda itobolewe tundu la kifungo, na vifungo vishonwe upande wa mbele, usawa wa mikanda.

Kutundika

Mbao ikazwe ukutani kwa skrubu, kisha pazia libandikwe. Wakati wa kulifungua, hukunjwa kwa mikono kuelekea dirishani, mikanda hupitishwa chini yake na kufungwa mbele. Likichafuka, hubanduliwa, ufito hutolewa na pazia hufuliwa.

Pazia lisitundikwe karibu na jiko, na wavu wa mbu usiondolewe. Walio na mapazia ya kamba nyumbani wahamishe kitanda cha mtoto na viti mbali na dirisha, na kamba zifungwe juu asipoweza kufika.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya ufundi wa nyumbani na vituo vya kulelea watoto. Mkazi asiyejua cherehani anaweza kuulizia mafunzo ya ushonaji katika chuo cha ufundi kilicho karibu naye. Vituo vya kulelea watoto navyo vikague madirisha yao: penye kamba inayofikiwa na mtoto, iondolewe leo.