Ukiwa Kwenye Mashine ya Figo, Usiisahau Mifupa

Wanaosafishwa damu kwa mashine huelezwa mapema habari za maji, chumvi na presha. Mifupa hukumbukwa magoti yanapoanza kuuma na ngozi kuwasha usiku kucha. Figo zikishindwa kazi, fosfeti hurundikana kwenye damu, vitamini D haiamshwi na kalsiamu hushuka. Hapo tezi nne ndogo za parathairoidi, zilizoko shingoni, huanza kuivuta kalsiamu kutoka mifupani. Mfupa unadhoofu, na madini hayohayo huenda kuganda kwenye mishipa ya damu na vali za moyo. Fanya hivi:

1. Kidonge kiende na chakula
Vidonge vya kukamata fosfeti, kama kalsiamu kaboneti na sevelameri, hufanya kazi tumboni. Huishika fosfeti ya chakula na kutoka nayo chooni. Kuvimeza saa mbili baada ya kula ni kutupa wavu samaki wameshapita. Cha kutafuna kitafune na matonge ya kwanza; sevelameri imezwe nzima. Tena, dozi ifuate sahani. Kama asubuhi unakunywa chai na kitafunwa kidogo, kisha mchana ndipo unakula sawasawa, mwambie daktari akugawie vidonge kwa mtindo huo, maana ile "1 x 3" iliyoandikwa kwenye bahasha ya dawa haijui jikoni kwako kunapikwa nini. Ukialikwa harusini, vidonge viingie mfukoni kabla ya kadi ya mwaliko.

2. Soda nyeusi, kwaheri
Fosfeti inayotiwa kiwandani hufyonzwa karibu yote. Ile ya maharage hufyonzwa kwa kiasi kidogo tu, kwa kuwa sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje na utumbo wetu hauwezi kuifungua vizuri. Kwa hiyo adui wa kwanza si bakuli la maharage. Ni soda nyeusi, soseji, nyama za kopo na jibini za kupaka. Soma maandishi madogo kwenye pakiti: E338 hadi E341 na E450 hadi E452 ni fosfeti hizo.

3. Usikimbie protini
Hili linanikera. Mtu akisikia "fosfeti" anaacha nyama, samaki na mayai, anabaki na ugali na mboga, halafu anakonda mpaka nguo zinampwaya. Anayesafishwa damu anahitaji protini ya kutosha, takriban gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Cha kufanya ni kuchagua. Ute wa yai una protini nyingi na fosfeti kidogo sana. Mnofu wa samaki ni salama kuliko dagaa, kwa sababu dagaa unamla na mifupa yake. Nyama ichemshe kwanza, mwaga maji yake, ndipo uiunge. Fosfeti kiasi itakuwa imekwenda na yale maji. Maziwa yawe kidogo.

4. Supu ya kongoro haitibu mifupa hii
Shangazi ataileta kwenye chupa ya chai, kwa mapenzi yote. Mshukuru, lakini ujue kwamba shida yako si upungufu wa kongoro, na supu hiyo inaleta chumvi na maji ambayo mashine italazimika kuyatoa. Vilevile usijinunulie vidonge vya kalsiamu dukani. Kalsiamu ya ziada huishia mishipani.

5. Jua peke yake halitoshi
Ukiota jua unapata vitamini D, lakini figo ndizo huigeuza ifanye kazi. Ndiyo maana wengine huandikiwa alfakalsidoli au kalsitrioli. Dawa hizi hupandisha kalsiamu na fosfeti pia, kwa hiyo usizitumie bila vipimo.

6. Usiombe kutolewa mapema
Kawaida ni saa 4, mara tatu kwa wiki, ingawa gharama huwafanya wengi kwetu waishie mara mbili. Fosfeti hutoka polepole, na kila dakika unayoikata huiacha fosfeti mwilini. Kama unakwenda mara mbili tu, kidokezo cha 1 na cha 2 vinakuhusu zaidi ya yeyote.

7. Kiungulia? Uliza kwanza
Dawa nyingi za kiungulia zina alumini au magnesi. Figo iliyochoka haivitoi, na alumini ikirundikana hudhuru mifupa na ubongo.

8. Weka daftari
Miongozo ya kimataifa ya KDIGO ya mwaka 2017 inashauri kalsiamu na fosfeti zipimwe kila baada ya mwezi 1 hadi 3, na homoni ya parathairoidi kila miezi 3 hadi 6. Homoni hiyo kuwa mara 2 hadi 9 ya kikomo cha juu cha kawaida kunakubalika kwa mgonjwa wa mashine, kwa hiyo usishtuke ukiona namba kubwa. Angalia kama inazidi kupanda. Andika majibu yote, na ukihama kituo nenda nayo.

Na ukianguka, hata kwa kuteleza tu bafuni, nyonga au mgongo ukauma, usisubiri zamu yako ya mashine. Nenda ukapigwe picha siku hiyohiyo.